Kuchamba: mkono uelekee wapi?

Mada ya leo inatia haya kidogo, lakini mambo ya twahara hayaulizwi kwa haya.

Mama mmoja aliniletea binti yake wa miaka minne kwa mara ya tatu, ana homa na analia akikojoa. Mkojo ulipopimwa ulikuwa na usaha tena. "Daktari, mbona namchamba kwa maji kila siku?" Nikamwomba anionyeshe hewani anavyofanya. Mkono ukaanzia nyuma, ukaja mbele.

Siwezi kuapa kuwa hiyo ndiyo sababu pekee, maana choo kigumu na kubana mkojo navyo huchangia. Lakini kinyesi kina bakteria waitwao Escherichia coli, na hao ndio wanaoongoza kwa kuleta maambukizi ya njia ya mkojo. Njia hiyo kwa mwanamke mzima ina urefu wa kama sentimita 4 tu, ilhali ya mwanamume hufika kama 20. Ya mtoto wa kike ni fupi zaidi. Kwa hiyo wa kike asafishwe mbele kwanza, kisha nyuma, na mkono uliokwisha gusa nyuma usirudi mbele.

Wanaotumia karatasi nao wana kosa lao: kusugua kwa nguvu, kipande kile kile mara mbili tatu. Hapo najisi inatandazwa tu na ngozi inachubuka. Katika hadithi ya Salman Al-Farisy (r.a.), iliyomo katika Sahih Muslim, tumekatazwa kustanji kwa mkono wa kulia na kwa mawe yasiyofika matatu. Mafakihi wa Kishafi wanasema mahali pasipotakata kwa mara tatu, uongeze. Tena wanasema najisi ikishakauka au ikivuka mahali pake, kitu kikavu hakitoshi, lazima maji. Hata kwa jicho la tabibu ni hivyo, kwani kilichogandia ngozini karatasi haikiondoi.

Bora zaidi ni kuviunganisha: karatasi kwanza iondoe uchafu wenyewe, kisha maji, kisha ukaushe kwa kubonyeza bila kusugua. Unyevunyevu ukibaki, fangasi hupenda hapo. Sabuni ni ya mikono baada ya kumaliza. Ndani ya uke haina kazi.

Mtoto akipata homa na maumivu ya mkojo, mpelekeni akapimwe mapema. Msimpe dawa zilizobaki za kaka yake.