Kreni zinazoyapiga chenga mawimbi

KUNYANYUA mzigo wa tani 100 bandarini ni kazi ya kila siku. Meli imefungwa, maji yametulia na kreni imesimama juu ya zege. Ipeleke kazi hiyo hiyo katikati ya Bahari ya Kaskazini, ambako nchi za Ulaya huchimba gesi na kusimika mitambo ya umeme wa upepo, hesabu hubadilika kabisa.

Chukua mfano rahisi. Ncha ya mkono wa kreni iko mita 30 kutoka katikati ya meli. Meli ikiinama nyuzi 2 tu, ncha hiyo hushuka takriban mita 1. Sekunde chache baadaye meli huegemea upande wa pili na ncha hupanda tena. Kamba ya chuma hulegea, kisha hukaza ghafla, na mshtuko huo unaweza kuikata ingawa uzito wenyewe haujazidi kiwango. Wa kwanza kuumia ni wafanyakazi walioko chini wakiuelekeza mzigo.

Kwa miaka mingi dawa ilikuwa moja: kusubiri bahari itulie. Lakini kusubiri nako kuna bei. Meli ya kreni hukodiwa kwa siku, na mwenye mradi hulipa iwe inafanya kazi au imetia nanga. Hapo ndipo msimamizi huingiwa na kishawishi cha kuruhusu kazi katika bahari isiyofaa.

Teknolojia ya kufidia mwendo hupunguza shinikizo hilo. Vihisio hupima, mara nyingi kwa kila sekunde, jinsi meli inavyopanda, kushuka na kuyumba. Kompyuta hupiga hesabu na kuiamuru mitambo itende kinyume: ncha ya kreni ikipanda mita 1, winchi huachia kamba mita 1; ikishuka, huivuta. Mzigo hubaki karibu pale pale.

Kampuni ya Barge Master ya Uholanzi ilikwenda mbali zaidi. Jukwaa lake la T700, la kubeba hadi tani 700, hukaa juu ya silinda tatu za haidroliki zinazorefuka na kufupika kufuata wimbi. Kreni ya kawaida ya nchi kavu huwekwa juu yake na kufanya kazi ikiwa juu ya tishari.

Mitambo hii si rahisi kwa bei. Faida yake ni siku za kazi zinazoongezeka, na hizo ndizo za kulinganishwa na gharama. Hata hivyo ina mipaka. Silinda ina urefu wake. Wimbi likiuzidi, kazi lazima isimame. Upepo bado huweza kuubembeza mzigo. Umeme ukikatika, kinga yote hutoweka, hivyo nguvu ya akiba ni lazima.

Kwa Tanzania jambo hili si la mbali. Gesi iliyogunduliwa kuanzia mwaka 2010 katika kina kirefu nje ya Mtwara na Lindi haiwezi kuvunwa bila kushusha vifaa vizito hadi sakafu ya bahari. Siku hiyo ikifika, swali la kwanza kwa mkandarasi lisiwe kreni yake inanyanyua tani ngapi. Aulizwe: mtambo ukizimika mzigo ukiwa hewani, watu walioko chini watanusurika vipi?