Faradje na Tadu: umeme wa jua uliofuata tembo, si dhahabu

Huko Bambu, wilayani Djugu, umeme ulifika zamani kwa sababu ya dhahabu. Kampuni ya Kilo-Moto ndiyo iliyojenga kituo cha Budana kwenye mto Shari, wakati wa ukoloni wa Mbelgiji, ili mitambo ya migodi izunguke. Nyaya zilielekea mgodini, na vijiji vingi vya kando vilibaki na taa ya mafuta.

Kwa jirani zao wa jimbo la Haut-Uélé, kwenye miji midogo ya Faradje na Tadu, mambo yamekwenda kwa njia nyingine. Huko umeme ulifuata wanyama wa pori.

Miji hiyo iko kando ya Hifadhi ya Taifa ya Garamba, iliyoanzishwa 1938. Tangu 2005 hifadhi hiyo inasimamiwa na shirika la African Parks pamoja na ICCN, taasisi ya serikali ya ulinzi wa mazingira. Kwa ushirikiano na hifadhi, kampuni ya Nuru ilisimamisha paneli za jua, betri na nyaya za kupeleka umeme majumbani na madukani. Ni kampuni ileile iliyowasha mtambo wake wa kwanza Beni mwaka 2017, kisha ule wa megawati 1.3 mjini Goma mwaka 2020.

Kwa nini walinzi wa tembo wajishughulishe na taa za watu? Katika miaka ya 1970 Garamba ilikuwa na tembo zaidi ya 20,000. Leo wanakadiriwa kuwa 1,200 hivi. Vifaru weupe wa kaskazini, ambao Garamba ilikuwa makao yao ya mwisho porini, waliisha kabisa. Waasi wa LRA kutoka Uganda waliwinda tembo humo, na waasi haohao waliivamia Faradje siku ya Noeli 2008, wakaua raia na kuteka watoto. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Januari 2009, walishambulia Nagero, makao makuu ya hifadhi. Mkaaji na mnyama walikuwa na adui mmoja, lakini kwa muda mrefu mkaaji hakuona faida yoyote ya kuishi karibu na parke, isipokuwa makatazo: usiwinde, usilime, usikate miti.

Hapo ndipo umeme unapoingia. Mwenye duka anafunga saa mbili za usiku badala ya magharibi. Fundi wa kuchomelea hana tena haja ya kununua mafuta ya jenereta, ambayo bei yake hupanda kila barabara inapoharibika. Kijana mwenye kazi ya mkono mjini ana sababu moja zaidi ya kukataa anapoitwa kubeba pembe au nyama ya pori.

Tusidanganyane lakini. Taa haipiki sombe. Familia nyingi bado zinapika kwa kuni na makala, maana kupikia umeme ni gharama, na mti unaokatwa hauulizi kama nyumbani kuna balbu. Paneli zimepunguza moshi wa jenereta, si moshi wa jikoni. Hiyo ni kazi nyingine, na bado haijaisha.

Mwezi wa Juni 2023, vifaru weupe 16, wa kusini safari hii, waliletwa Garamba kutoka Afrika Kusini. Kuwaleta kulihitaji ndege na malori. Kuwalinda kutahitaji vijiji vinavyowataka.

Na Ituri? Sheria ya umeme ya 2014 iliondoa ukiritimba wa SNEL, kwa hiyo kampuni binafsi zinaruhusiwa kuzalisha na kuuza. Julai 2023 Nuru ilitangaza kupata dola milioni 40 kwa ajili ya mitambo mipya ya jua, na Bunia ilitajwa pamoja na Goma na Kindu. Bambu haikutajwa. Jua lake si dogo kuliko la Faradje, lakini tangu 2017 makundi yenye silaha yamechoma vijiji vya Djugu na kukimbiza watu wake, na paneli haiwezi kubebwa kichwani na mama anayekimbia usiku. Mwekezaji atauliza kwanza nani atailinda. Wakaaji wa Bambu wanauliza swali hilohilo kuhusu nyumba zao.