Fahamu: Filamu ya ubia ni nini?

Kijana wa Masinga hapa Kenya anaweza kuwa na hadithi nzuri kuhusu bwawa, ukame au mapenzi, lakini akakwama penye fedha. Benki haikopeshi kwa dhamana ya muswada. Njia mojawapo ni ubia: watayarishaji wa nchi mbili au zaidi huchanga fedha, vifaa na wataalamu, kisha hugawana umiliki na mapato kwa mkataba.

Mfano wa ushirikiano wa nchi mbili uko Kitui, kaunti jirani na Masinga. Mkulima Kisilu Musya alipewa kamera na mwongozaji Julia Dahr wa Norway, akarekodi maisha ya familia yake kwa miaka kadhaa. Dhoruba ilipoezua nyumba yake, kamera ilikuwa mkononi mwake. Filamu hiyo, Thank You for the Rain, ilitoka mwaka 2017.

Nairobi nayo ilipata Soul Boy (2010), Nairobi Half Life (2012) na Supa Modo (2018) kupitia One Fine Day Films ya Ujerumani na Ginger Ink ya hapa nyumbani. Mfuko wa World Cinema Fund wa Berlin, ulioanza 2004, husaidia waongozaji wa Afrika na Asia, ila kwa kawaida huhitaji uwe na mtayarishaji mwenza Mjerumani.

Kwangu mimi, kipengele kizito kuliko fedha ni hiki: nani ana kauli ya mwisho kwenye uhariri? Na haki za kuionyesha filamu hapa Kenya zinabaki kwa nani? Soma mkataba na wakili kabla hujatia sahihi.