China kwa Shanta Mgongoni

Wengi wetu tuliofika China tumeishia Guangzhou, na ndani ya Guangzhou tumeishia Xiaobei, kwenye maduka ya jumla na ofisi za kusafirisha makontena. Anayeingia nchi hiyo bila orodha ya bidhaa, shanta mgongoni na ratiba aliyojipangia mwenyewe, hukuta mambo makubwa yamenyooka. Yatakayomtoa jasho ni madogo madogo.

Reli, kwa mfano. Beijing hadi Shanghai ni kilomita 1,318, na treni ya kasi huzimaliza kwa muda wa saa nne na nusu hivi, bila kutikisa chai yako. Huhitaji tiketi ya karatasi, pasipoti ndiyo tiketi. Mashine za getini mara nyingi haziisomi pasipoti ya mgeni, basi nenda moja kwa moja kwenye geti lenye mhudumu, na uwahi, maana kuna ukaguzi wa mizigo. Kisu chako cha kumenyea matunda kinaweza kuishia hapo.

Lakini anayetaka kukaa na watu apande treni za zamani za usiku. Behewa la daraja la kitanda kigumu halina milango: vitanda vitatu upande huu, vitatu upande ule, na cha chini, ambacho ndicho ghali, mchana hugeuka sebule ya wote. Mwisho wa behewa kuna mtambo wa maji ya moto, na abiria hupishana hapo na chupa za chai na makopo ya tambi. Mzee wa kitanda cha jirani atakumiminia mbegu za alizeti kiganjani, kisha atatoa simu inayotafsiri na kukuuliza una umri gani, umeoa, unalipwa kiasi gani. Mjibu, nawe umuulize yaleyale. Hataona vibaya.

Malipo ni kwa simu. Hata muuza viazi vya kuchoma amening'iniza msimbo wake kwenye mkokoteni, na noti yako itamhangaisha kutafuta chenji. Alipay na WeChat sasa hupokea kadi za benki za nje, na mtu aliyekulia kwenye M-Pesa hazoei kwa shida. Shida iko kwenye mawasiliano: Google, WhatsApp na Instagram zimefungwa. Laini ya nyumbani iliyounganishwa kwa matumizi ya nje kwa kawaida hupita kizuizi hicho, ila bei yake iulize kabla ya kuondoka.

Malazi ndiyo yanayochosha kuliko yote. Sheria inataka kila mgeni aandikishwe polisi ndani ya saa 24. Hoteli hufanya kazi hiyo yenyewe, lakini gesti nyingi ndogo hazijui utaratibu, na njia rahisi kwao ni kukukataa. Katika mji mmoja mdogo wa Yunnan, mama wa mapokezi aliipekua pasipoti yangu ukurasa kwa ukurasa, akapiga simu mbili, kisha akanirudishia kwa mikono miwili huku akitikisa kichwa. Ilikuwa usiku na mvua inanyesha. Tangu hapo sifiki mahali bila kuuliza mapema kama wanapokea wageni wa nje.

Chakula kisikutie hofu. Mwislamu atafute maandishi ya halali, “qingzhen”, hasa kwenye migahawa ya tambi za nyama ya ng'ombe za mtindo wa Lanzhou, iliyoenea karibu kila mji. Vyoo vya kuchuchumaa havitatushangaza watu wa pwani. Kitakachokosekana ni maji ya kutawadhia, kwa hiyo tembea na chupa na karatasi zako. Utapigwa picha pia, mara kwa ruhusa, mara kwa kuibiwa. Mara nyingi ni udadisi tu, lakini kufikia jioni unachosha.

Tibet haina safari ya kujitegemea: mgeni huhitaji kibali maalumu na mwongozaji. Mimi ningeanzia Yunnan, mkoa alikozaliwa Zheng He, amiri wa merikebu zilizofika pwani yetu karne ya 15. Huko kuna Dali, Lijiang, na njia ya milimani juu ya mto Jinsha, ambako gesti za wenyeji zimezoea wageni.

Watanzania na Wakenya tunahitaji viza, na iombwe mapema. Epuka wiki ya kwanza ya Oktoba: ni likizo ya taifa, na tiketi za treni huisha mapema.