Tenda Kwanza, Hamu Itakuja

Neil Jacobson, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, alikuwa na shaka na tiba iliyosifiwa sana kwa wagonjwa wa sonona. Tiba hiyo, iliyoasisiwa na Aaron Beck, ilisimama juu ya hoja kwamba mtu huzama kwa sababu ya mawazo yake: hujiona hafai, huiona dunia imemkataa, na kesho huiona haina kitu. Mnyooshe mawazo, naye atanyanyuka. Lakini mlemle ndani ya tiba kulikuwa na sehemu isiyopewa heshima kubwa, ya kumpangia mgonjwa shughuli ndogondogo za kila siku. Wengi waliiona kuwa utangulizi tu. Jacobson akajiuliza: vipi tukiyaacha mawazo yalivyo, tukabaki na shughuli peke yake?

Wagonjwa 150 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi moja lilipangiwa shughuli tu, la pili likaongezewa mazoezi ya kurekebisha mawazo yanayomjia mtu papo kwa papo, la tatu likapata tiba kamili. Matokeo yalitoka mwaka 1996. Hakukuwa na tofauti ya maana kati yao; waliopangiwa shughuli peke yake walipata nafuu sawa na waliofanyiwa kila kitu, na walipofuatiliwa kwa miaka miwili hali ilikuwa ileile.

Matokeo hayo yalistahili kufika mitaani, maana yanagusa kauli tunayoisikia hata kwa watu wasio wagonjwa: sioni sababu ya kuamka, nikishajua maisha yangu ni ya nini, ndipo nitaanza. Tumezoea kudhani kwamba hamu hutangulia na kitendo kikafuata. Inaelekea njia ya kinyume nayo inapitika, na kwa aliyekwama huenda ndiyo pekee iliyo wazi.

Maelezo yake yalikuwa yametolewa tangu miaka ya 1970 na Peter Lewinsohn wa Chuo Kikuu cha Oregon. Chukua mwalimu aliyestaafu. Wiki ya kwanza haendi kijiweni kucheza bao kwa sababu anaona aibu kuulizwa maswali. Kubaki nyumbani kunampa ahueni ya saa moja, na ahueni hiyo ndiyo inayomfundisha kubaki tena kesho. Kidogo kidogo vinaondoka vicheko vya kijiweni, salamu za njiani, na yule kijana aliyekuwa akimwomba amsomee barua ya kuomba kazi. Siku haimrudishii chochote, na mtu ambaye siku haimrudishii chochote hukosa hata nguvu ya kuinuka. Anapojiuliza maisha yake yana maana gani, anauliza akiwa tayari amevifungia mlango vitu ambavyo vingemjibu.

Mshauri anayetumia tiba hii ya shughuli, iitwayo kuamsha matendo, hamwambii mgonjwa ajikaze. Wahenga walisema ajizi nyumba ya njaa, lakini sonona si ajizi, na makaripio hayajamponya mtu. Badala yake anampa daftari. Kwa wiki nzima mgonjwa huandika, saa baada ya saa, alichokifanya, na pembeni huweka alama mbili: kilimfurahisha kiasi gani, na kilimfanya ajione ameweza kiasi gani. Hiyo alama ya pili ndiyo naiona ya busara zaidi. Kuosha vyombo vilivyolala tangu jana hakumfurahishi mtu, ila kunamwachia kitu. Daftari likisomwa kwa pamoja, mara nyingi hubainika kwamba saa nzito kuliko zote ni zile alizolala akiitazama dari, zilezile alizodhani anapumzika. Hapo ndipo wanapanga. Haandiki "nitafanya mazoezi", anaandika "kesho saa 1 asubuhi, nikimaliza chai, nitatembea mpaka sokoni na kurudi." Na jambo hilo hufanywa kwa sababu limeandikwa, moyo utake usitake.

Je, kazi hii inahitaji daktari bingwa? Mwaka 2016 David Richards wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 440. Nusu walihudumiwa kwa tiba ya mawazo na wataalamu waliobobea, nusu kwa kuamsha matendo na wahudumu wa ngazi ya chini wasio na mafunzo ya kitaalamu ya tiba ya mazungumzo. Baada ya mwaka mmoja matokeo yalilingana, na njia ya pili ilikuwa nafuu kwa gharama. Mwaka uliofuata timu ya Vikram Patel ikaleta habari kutoka Goa, India, ambako watu wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo waliwahudumia wagonjwa katika vituo vya afya na majumbani. Baada ya miezi 3, asilimia 64 ya waliopata ushauri huo pamoja na huduma ya kawaida walikuwa wametoka kwenye sonona. Kwa waliopata huduma ya kawaida tu, ilikuwa asilimia 39.

Kufanya mara moja ni jambo moja. Kuzoea ni jingine. Ile hesabu ya siku 21 inayonadiwa kila mahali ina asili ya ajabu: mwaka 1960 Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walipopima kweli, kwa watu 96 waliochagua jambo moja la kufanya kila siku, ilichukua siku 66 kwa mtu wa katikati, huku mwepesi akitumia 18 na mzito akikadiriwa kufika 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Wanaokata tamaa siku ya 22 wangestahili kuambiwa hivyo mapema.

Ndani ya ubongo mabadiliko hayo yameonekana. Ann Graybiel wa taasisi ya MIT, Marekani, aliwarekodi panya waliokuwa wakijifunza kupita kwenye njia panda kufuata chakula. Mwanzoni seli za striatamu, sehemu iliyo ndani kabisa ya ubongo, zilichangamka safari nzima. Njia ilipozoeleka, zikachangamka zaidi mwanzoni na mwishoni, katikati zikatulia. Ndiyo maana mazoea huhitaji kianzio kisichobadilika. Wenye kuamka kwa adhana ya alfajiri au kengele ya kanisa wamepewa kianzio hicho bure.

Lakini mazoea na kusudi la maisha ni vitu viwili, na hapa wauzaji wa vitabu hukimbia kasi kuliko ushahidi. Mwaka 1994, katika eneo la Ohsaki mkoani Miyagi, Japani, watu 43,391 wenye umri wa miaka 40 hadi 79 waliulizwa kama wana ikigai, yaani jambo linalowafanya waone maisha yana thamani. Katika miaka 7 iliyofuata, waliosema hawana walikuwa na hatari ya kufa kubwa zaidi kwa takribani asilimia 50, hata baada ya kuondoa athari za umri na maradhi. Ila hao wasio na ikigai walikuwa pia na uwezekano mkubwa wa kukosa kazi, kukosa mwenza na kuishi na maumivu. Nani amweleze mtu asiye na kazi kwamba tatizo lake ni ukosefu wa kusudi?

Kuna pia lile jaribio maarufu la Ellen Langer na Judith Rodin, la mwaka 1976, ambapo wazee wa nyumba moja ya kutunzia wazee Marekani walipewa mmea wa kuutunza wenyewe na uhuru wa kupanga mambo yao. Miezi 18 baadaye vifo vilikuwa asilimia 15 kwao, na 30 kwa wenzao waliotunziwa kila kitu. Simulizi hilo husambaa bila kiambatisho chake: watafiti hao walichapisha masahihisho ya hesabu, na tofauti ya vifo ikabaki dhaifu kitakwimu. Kundi lilikuwa dogo, wazee 91.

Ndiyo maana mimi navutiwa zaidi na mabenchi ya Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza wanawake wazee wa Mbare, jijini Harare, kukaa benchini nje ya zahanati na kuwasikiliza waliolemewa. Bibi haanzi kwa kuuliza kusudi la maisha. Anauliza yapo matatizo gani, lipi tulishike kwanza, na hatua gani ndogo inawezekana kabla ya kukutana tena. Tatizo likiwa ni kodi ya nyumba, basi kodi ndiyo ajenda. Katika utafiti wa mwaka 2016 uliohusisha wagonjwa 573, baada ya miezi 6 waliokuwa bado na dalili za sonona walikuwa chini ya asilimia 14 kwa waliokaa benchini, na karibu asilimia 50 kwa waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limeshafika Malawi, na Zanzibar pia. Wanaomaliza vikao hualikwa kwenye kikundi kinachokutana mara kwa mara, ambako huzungumza huku mikono ikifuma mikoba kwa plastiki iliyokwisha kutumika, kisha wakaiuza.