Ruba katika Upasuaji wa Kuunga Viungo

Sikio au kidole kilichokatika kinapoungwa, ateri iletayo damu huunganika kwa urahisi kuliko vena iirudishayo, ambayo kuta zake ni nyembamba. Damu huingia isipate pa kutokea. Kiungo huvimba, huwa cha zambarau, hatimaye hufa. Hapo ndipo ruba huhitajika. Huinyonya damu iliyotuama, na mate yake yana hirudini, izuiayo damu kuganda, hata jeraha huendelea kuvuja saa kadhaa baada ya ruba kujiachia. Kwa siku chache vena mpya huota. Mwaka 1985, mjini Boston, daktari Joseph Upton aliokoa hivyo sikio la mtoto; mwaka 2004 Marekani iliidhinisha tiba hiyo. Lakini tumbo la ruba lina bakteria: mgonjwa hupewa antibiotiki, na ruba hatumiwi mara mbili.