Unataka Kufuga Nguruwe Shags? Cheki Haya Kabla Doh Ipotee

Wasee, ukitaja Kiritiri wengi huwaza muguka tu. Lakini hapo Mbeere Kusini, kaunti ya Embu, ukiwa na kaploti unaweza kufuga nguruwe wawili na familia ikadishi nyama ya kwao. Huhitaji hata kuzalisha. Nunua watoto wa miezi miwili walioachishwa kunyonya, walishe poa, na wakifika miezi sita hivi wanaweza kugonga kilo 90.

Ngori ya kwanza ni jua. Mbeere kuna joto kali na nguruwe hatoi jasho kama sisi. Banda liwe na kivuli, upepo upite, na maji ya kunywa yasiwahi kuisha.

Ya pili ndio imemaliza mabanda mengi: homa ya nguruwe ya Afrika. Hii kitu ilielezwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya mwaka wa 1921, na mpaka leo haina dawa. Binadamu haimshiki, lakini nguruwe wote wanaweza kwenda kwa siku chache. Virusi huingia na nguruwe mgonjwa, viatu vya wageni, kupe, hata makombo ya hoteli yenye nyama ya nguruwe. So makombo yachemshwe nusu saa kwanza, na nguruwe mpya akae kando wiki kadhaa. Wakianza kukataa chakula na kufa, usikimbilie kuwauza bei ya kutupa. Hivyo ndivyo ugonjwa hufika kwa jirani. Pigia daktari wa mifugo.

Ya tatu ni tegu. Nguruwe akizurura na kula kinyesi cha mtu, nyama yake hupata vifuko vya tegu. Ukiila kama haijaiva, unabeba tegu tumboni. Mbaya zaidi, mayai ya huyo tegu yakipita kwa mikono michafu hadi kwa chakula, yanaweza kufika kwa ubongo wa mtu na kuleta kifafa. Kwa hivyo choo kwanza, nguruwe baadaye, na wafungiwe bandani.

Siku ya kuchinja, mkaguzi wa nyama aicheki, hata kama ni ya familia. Halafu iive hadi ndani. Hapo sasa leta ugali na kachumbari, mle mkiwa na amani.